Pua, Makofi na Kiti cha Mwenyekiti

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Mlezi wa kituo chetu cha vijana ametangaza nafasi. Moja tu. Mwaka mzima wa mafunzo ya uongozi chuoni, pamoja na masomo ya jioni mpaka mtihani wa kidato cha nne. Bure kabisa. Mimi niliishia kidato cha pili, karo iliposhindikana, nikaingia karakana ya mjomba kujaza makochi sponji. Mpaka leo nikisikia kengele ya shule naacha kazi nisikilize. Naitaka nafasi hii kuliko kitu chochote duniani.

Jumamosi watakuja wageni wawili kutoka chuoni. Kila anayewania ataongoza kikao huku wao wakitazama. Tunaowania ni wawili: mimi na Madam Hoja. Huyu ni fundi cherehani, na hajawahi kufungua mdomo bila kuanza na "nina hoja". Leo kanyakua kalamu ya ubao kabla sijainuka. Alijua kabisa kwamba naitaka. Atanitambua.

Jumanne, 4 Machi

Mlezi katukumbusha utaratibu wa kituo. Mwenyekiti hatoi maoni yake. Anauliza, anasikiliza, anagawa nafasi ya kusema, basi. Huyu mama alikuwa muuguzi miaka mingi na bado anazungumza nasi kama tuna homa. Nikatikisa kichwa kwa adabu.

Utaratibu huo ni wa siku za kawaida, bila shaka. Mbele ya wageni lazima mtu ahutubie! Kiongozi asiyehutubia ana tofauti gani na kabati?

Jioni, mjomba alipoondoka, nimeyapanga makochi saba mbele yangu na kuyahutubia. Yamenisikiliza vizuri sana. Hakuna aliyekatiza, hakuna aliyesema ana hoja. Nilipofika pale pa "enyi vijana wenzangu" nimepanda juu ya meza ya kukatia vitambaa. Nimejisikia mtu wa maana. Meza imelegea mguu mmoja.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kumchunguza adui. Nimechungulia dirishani kwa Madam Hoja nione kama naye anafanya mazoezi. Kaniona. Ikabidi niseme nimekuja kushonesha suruali. Kanipima kiuno mara tatu, polepole, akinitazama usoni kila mara. Kaniuliza rangi. Nikasema yoyote. Kaniambia kiongozi hasemi yoyote.

Sasa nina suruali ya kahawia inayoshonwa na sikuihitaji.

Usiku nimemsomea bibi hotuba yangu. Amelala kwenye aya ya kwanza. Dada yangu mdogo anasema bibi alijifanya tu.

Alhamisi, 6 Machi

Akili imefanya kazi! Hotuba bila makofi haina mbele wala nyuma. Nimekula njama na wenzangu wawili wa karakana: Gundi, ambaye vidole vyake vimegandana tangu nimfahamu, na Nyundo, ambaye ana mikono mipana ajabu. Watakaa nyuma kama wakazi wa kawaida wa mtaa. Nikigusa pua, wanapiga makofi. Nikiinua mkono, wanaongeza. Malipo: nitawafagilia karakana wiki nzima.

Gundi kauliza itakuwaje nikisahau kugusa pua. Nikamwambia mtu mwenye malengo hasahau pua yake.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Jana nilihutubia makochi mpaka giza likaingia, katikati ya vumbi la sponji. Leo nimeamka sauti haipo. Nimemwamkia bibi, kimetoka kitu kama mlango wenye kutu. Bibi kafurahi waziwazi. Kasema nyumba haijatulia hivi tangu nilipojifunza kusema mama.

Nimekunywa maji ya moto na tangawizi mpaka tumbo likawa ngoma. Nimesukutua chumvi. Nimefunga shingo kwa soksi ya dada, ambaye hakuombwa na amekasirika. Hakuna kitu. Na pua nayo inaniwasha kwa lile vumbi.

Nimejifungia chooni nikalia kidogo. Naandika tu hapa. Sikulilia hotuba. Nimeililia kengele ile ya shule, kwamba nitaendelea kuisikia nikiwa nje ya ukuta.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepiga moyo konde, nimekwenda.

Ukumbi wa kituo umejaa. Wageni wawili, mwanamke na mwanamume, wamekaa pembeni kimya. Mada tuliyopewa: kwa nini vijana wengi wanaanza masomo ya jioni na kuyaacha.

Madam Hoja katangulia. Kavaa vizuri, lazima niseme. Alikuwa na hoja sita na zote alizitoa mwenyewe. Zilikuwa nzuri. Alipouliza kama kuna mwenye swali, muda ulikuwa umekwisha.

Zamu yangu. Nimesimama. Nimefungua mdomo. Imetoka hewa.

Ukumbi mzima unanitazama. Nikaandika ubaoni: NYINYI MNASEMAJE? Sikuwa na la kufanya! Nikaketi. Nikamwonyesha kidole mmoja, akasema neno. Nikamwonyesha mwingine. Hapo ndipo pua ilipoanza kuniwasha, nikaikuna.

Gundi na Nyundo wakapiga makofi kama wendawazimu.

Aliyekuwa anaongea akashtuka, kisha akatabasamu, akaendelea kwa bidii. Nikainua mkono kuwazuia wale wawili. Wakaongeza! Ikawa hivyo: mtu anasema, pua inawasha, makofi yanapigwa. Mikono ikaanza kuinuka kila upande. Watu ambao sijawahi kuwasikia wanataka kusema. Nilikuwa nachemka. Makofi yangu yote yanakwenda kwa wengine!

Mwishoni macho yangu yakamwangukia Taratibu. Huyu ni dada anayeosha magari, mama wa mtoto mmoja, na tangu ajiunge hajasema kitu zaidi ya jina lake. Hata hakuinua mkono. Nilimnyooshea kidole ili nipumzike, maana nilijua atanyamaza.

Akasimama. Akasema, "Hatuachi kwa uvivu. Jioni hatuna wa kumwachia mtoto. Mkitupa chumba kimoja cha watoto hapahapa, tutakuja."

Wanawake kama kumi wakaitikia kwa vichwa. Sikugusa pua, naapa, lakini ukumbi mzima ulipiga makofi. Mlezi alikuwa anafuta macho.

Nikakumbuka mabaki ya sponji karakana. Nikaandika ubaoni: MAGODORO YA WATOTO NITASHONA. Mlezi akakunja uso, maana hayo ni maoni. Kisha akayaacha.

Nimerudi nyumbani nimeinamisha kichwa. Hotuba yote iko mfukoni, haijasomwa hata mstari mmoja. Nimeharibu.

Jumatatu, 10 Machi

NIMEPATA!

Mlezi kaja mwenyewe karakana. Kasema wale wageni wameona watu wengi wakiongoza kwa mdomo, na mimi ni wa kwanza kuongoza kwa masikio. Eti hata makofi nimewagawia wengine. Na chumba cha watoto kimekubaliwa. Mgeni yule mwanamke kaomba niambiwe neno moja: "Usibadilike."

Madam Hoja kaja na suruali ya kahawia. Inanikaa vizuri, inaniudhi. Kanipa mkono, kasema hakudhani naweza kunyamaza kiasi kile. Yeye ndiye atakayepanga zamu za chumba cha watoto, na nafasi ya mwakani anaiwania tena. Kwa kweli anastahili. Sitamwambia.

Mjomba katoa mabaki yote ya sponji. Taratibu alikuwa wa kwanza kujiandikisha masomo ya jioni. Bibi kanishika uso kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, akasema, "Sasa nyamaza, mwanangu, usome." Tumelia wote. Dada pia, ingawa anasema ni vumbi.

Jumapili, 16 Machi

Kesho darasa la kwanza. Daftari jipya, kalamu mbili. Nitaisikia kengele nikiwa ndani ya ukuta!

Sauti imerudi, nzito kuliko zamani. Nimefikiri sana kwa nini nilishinda, na jibu ni wazi: wageni waliiona hotuba yangu machoni. Sasa fikiria wakiisikia! Nimeirefusha. Kesho, mwalimu akishaingia tu, nitasimama niwafungulie wenzangu mwaka. Makochi yamekwisha kuisikia mara nne na hayana pingamizi.

Gundi na Nyundo wamekubali kusimama dirishani. Safari ile kosa lilikuwa pua tu. Kesho ishara ni sikio. Dada kanifumia kofia ya sufu ya kuanzia shule, ina joto zuri, ila masikioni inawasha kidogo. Si kitu.