Muziki wa Angani kwenye Kipaimara

Jumanne, 10 Juni 2025. Marangu.
Godwin, mpiga muziki mwenzangu, kanunua spika mpya. Kubwa kama makabati. Wenseslaus, ambaye binti yake anapata kipaimara Jumamosi, amenikodi mimi na muziki wangu, lakini nimemkuta anazitazama spika za Godwin kwa tamaa. Nikiharibu sherehe hii, wateja wote watahamia kwake. Nahitaji kitu ambacho Godwin hana.

Nimekipata! Nilikwenda kumsalimia jirani yetu Mzee Efraimu, anayeishi peke yake tangu afiwe na mkewe. Kabla sijamaliza shikamoo, nikaona santuri nyuma ya kabati. Ya Kijerumani, ya mwaka 1974. Jalada lina sayari yenye nywele. Upande mzima ni wimbo mmoja wa dakika ishirini na mbili! Nikamwambia Mzee ina vumbi, naomba nikaifute. Akaanza kunieleza habari za kijana wa Kijerumani aliyewahi kupanga chumba kwake. Nikaaga upesi. Mungu ambariki.

Jumatano, 11 Juni.
Moshi mjini, kwa fundi Alawi. Ana mashine ya kupigia santuri, ila mkanda umekatika. Akaweka mpira wa tyubu ya baiskeli. Tukasikiliza mwanzo tu. Ngoma ile ile, haibadiliki, kama mashine ya kusaga. Juu yake kinanda cha umeme kinalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye debe. Hakuna anayeimba. Alawi akatafuta kwenye simu, akasema wapigaji hao walikuwa vijana waliotaka kupiga sauti za angani, na hata Ujerumani waliwasikiliza wachache. Akauliza kwa upole kama nina uhakika. Ninao. Akaniazima mashine bila sharti lolote. Rafiki wa kweli.

Ijumaa, 13 Juni.
Nimeijaribu kwa Hilaria, mke wangu. Alisikiliza dakika sita akichambua mchele, kisha akauliza wimbo unaanza saa ngapi. Ng'ombe amegoma kutoa maziwa. Hilaria kaniomba nipige nyimbo za kawaida. Nimekubali. Sikumaanisha.

Jumamosi, 14 Juni.
Niliweka santuri wakati wa chakula. Dakika ya tano, mshereheshaji akaja kukagua nyaya. Ya kumi, Godwin akajitolea mbele ya watu kwenda kuleta spika zake. Wenseslaus akaitikia kwa kichwa. Ya kumi na tano, bibi mmoja akauliza kama ni helikopta inayofuata wapanda mlima. Nikanyoosha mkono nizime.

Ngoma ikakoma yenyewe. Yakasikika maji ya mfereji. Kuku. Halafu sauti ya mwanamke kijana, kwa Kichagga chetu kabisa, akimwita Efraimu aje ale, ndizi zinapoa.

Mzee Efraimu akaweka sahani chini. Akasimama.

"Nakuja, Ndelilio," akasema.

Hakuna aliyecheka. Ndelilio ndiye marehemu mkewe, tuliyemzika miaka tisa iliyopita. Mzee akaja mezani kwangu. Akaeleza kwamba yule mpangaji wake Mjerumani alikuwa akizunguka na kinasa sauti, akarudi kwao, akazitia sauti alizonasa kwenye santuri ya bendi yake, akamtumia kwa posta. Yeye hakuwahi kuwa na mashine ya kuipigia. Miaka hamsini! Hicho ndicho alichotaka kuniambia Jumanne. Nikaona aibu. Nikakiri kwamba vumbi halikuwepo, nilitaka tu kumshinda Godwin. Akanishika mkono.

"Asante, Sirili. Irudishe kidogo, nimsikie tena."

Niliirudisha mara nne. Godwin ndiye aliyenimulikia kwa simu nione pa kuweka sindano. Asante, Godwin. Naandika hivyo kwa shida.

Jumatatu, 16 Juni.
Nimempelekea Mzee santuri pamoja na mashine. Nilipomsimulia Alawi kwa simu, akasema mashine ibaki huko huko. Mzee kanipa mkungu wa ndizi, Hilaria kazipika mtori, tumekula wote watatu. Sikumbuki lini nilishukuru kiasi hiki.

Nimetafakari sana. Funzo ni moja: watu wa Marangu wanaupenda muziki wa angani. Mteja wangu mpya, Fabian, anaoa wiki ijayo, na kaniachia mimi kuchagua wimbo wa maharusi kuingilia ukumbini. Alawi ananitafutia santuri nyingine ya Wajerumani hao, ndefu zaidi. Fabian hajui bado. Nimemshauri tu bibi harusi avae viatu visivyobana.