Mbuzi Wamekula Grafu Yangu

Ko-ko-ko. Ko-ko. Sauti hiyo iliniamsha utoto wangu wote. Ni kengele ya mbao, ile ya kuvalishwa ngamia, ikitikiswa na mkono wa nyanya yangu. Hatukuwa na ngamia hata mmoja. Nyanya aliipiga kila asubuhi kuita mbuzi, kisha akawamwagia ngitit, yale maganda ya mgunga wanayoyapenda kuliko chochote. Wajomba wakimcheka, yeye ananigeukia mimi: "Hata nikifa, wewe ipige tu. Watakuja."

Sasa leo kengele hiyo imeniaibisha mbele ya wageni kutoka Lodwar! Kaeni niwaambie.

Kuna mafunzo ya wiki mbili huko Lodwar, ya kuchunguza mambo ya kila siku na kuyaonyesha kwa michoro. Kutoka hapa Kakuma wanachukua mtu mmoja. Mmoja! Mimi niliachia shule kidato cha pili (ilikuwa karo, si akili, nawaambia mapema), na nafasi hii nimeiwaza mpaka nimeota nimebeba begi. Sharti ni moja: uwe na swali lako, ulipime, uje uonyeshe majibu kwenye ukumbi wa vijana.

Swali langu lilikuwa la nyanya. Mbuzi huitikia nini zaidi: kengele, mkebe wa mahindi, au sauti ya mtu? Nyanya ametutoka miaka mitatu sasa, na mbuzi wake wakagawanywa kwa majirani. Nilitaka kumtetea kidogo tu.

Shida ikawa kuhesabu. Mzee Ekai, jirani yetu aliyechukua wengi wa mbuzi wale, aliona kalamu yangu.

"Wewe msichana, unahesabu mbuzi ya nani?"

"Ni sayansi, mzee."

"Sayansi ihesabu mbuzi yake! Hapa mbuzi ya mtu haihesabiwi. Unataka waishe?"

Nikaficha kalamu. Nikawaza usiku mmoja, nikapata dawa: kila mbuzi akija, natia ganda moja la mgunga mfukoni. Mfuko wa kengele, mfuko wa mkebe, mfuko wa sauti. Hakuna namba, hakuna kunyoosha kidole. Mzee akaridhika. Mimi nikajiona profesa. (Profesa gani huyo? Mawe yapo, vijiti vipo, vifuniko vya soda vimejaa Kakuma nzima, yeye akachagua chakula cha mbuzi.)

Leo asubuhi nikafika ukumbini mapema na rafiki yangu Furaha, Mkongomani, fundi wa nguo kule kambi ya wakimbizi. Tukachora mistari kwa chaki, tukapanga maganda sakafuni safu tatu. Safu ya sauti yangu ilikuwa fupi, aibu tupu. (Nimewaita mbuzi siku nyingi, wananitazama kama mtu anayewauzia kitu.) Safu ya mkebe ikafika katikati ya chumba. Na safu ya kengele? Kutoka ukutani mpaka mlangoni. Mlango wenyewe ulikuwa wazi, umezuiwa na jiwe, kwa sababu ya joto.

Madam Akiru, mkuu wa mafunzo, akaingia na wenzake, akatusalimu kwa Kiturkana.

"Ejok!"

"Ejok-noi, madam!"

Mwenzetu mmoja alitangulia kuonyesha barafu inachukua muda gani kuyeyuka kivulini. Alipofungua kopo, ilikuwa imeshayeyuka. Nikamhurumia, lakini pia nikanusa begi langu la Lodwar.

Zamu yangu ikafika. Madam akachuchumaa kabisa kutazama.

"Hii ndefu ni ya nini?"

"Ya kengele ya nyanya, madam."

"Ni mbuzi wangapi?"

"Ni... kutoka hapa mpaka mlangoni, madam."

Akacheka vizuri. "Hebu tuisikie."

Moyo uliniambia, usipige. Nyanya alikuwa na sheria: ukiipiga, uwe na chakula, mbuzi usimdanganye. Lakini nafasi ni moja. Nikapiga. Ko-ko-ko. Ko-ko. Nikafumba macho, na ghafla niko bomani kwetu, moshi wa chai, bangili zake zikigongana.

Nilipofumbua, Furaha alikuwa juu ya benchi.

"Eh, dada! Bambuzi banakuya!"

Wakaja! Wa Mzee Ekai, wa mama chapati, na wengine siwajui hata ukoo. Wakaanza na safu ya kengele, kutoka mlangoni wakipanda taratibu, kama watu wanaosoma. Wakamaliza mkebe. Mmoja akameza safu yangu kwa mara moja, kisha akanitazama: ni hii tu? Madam alikuwa amesimama kwenye kiti, mkoba kifuani. Walichoacha sakafuni si maganda.

Mzee Ekai akaingia mbio na fimbo yake. "Nani amepiga kengele ya marehemu?"

Akaona. Akashusha fimbo.

"Wamekuja wote," akasema polepole. Halafu akashtuka. "Sijahesabu lakini!"

Madam akashuka kitini. "Kwa hivyo kengele inafanya kazi."

"Ndiyo, madam."

"Na majibu yako yako wapi?"

"Yako ndani ya mbuzi, madam."

Ukumbi ukapasuka. Madam mwenyewe akajifuta machozi. "Nafasi sitampa mtu mpaka Ijumaa. Niletee tena, kwenye kitu ambacho mbuzi hawali." (Madam hawajui mbuzi wa Kakuma. Hawa hula mpaka sabuni.)

Wote wakaenda. Nikabaki nafagia, uso bado unawaka. Nikasikia kwato mlangoni, moja moja. Alikuwa Nakwang, yule mweupe mzee, mbuzi wa nyanya mwenyewe, jicho moja limekufa. Ametoka kule laga, kwenye mto mkavu, pole pole, kwa sababu kengele imelia.

Na chakula kimeisha. Nikapapasa mfuko wa sketi. Kulikuwa na ganda moja nililoweka nimwonyeshe madam. Akalila mkononi mwangu bila haraka.

Kwa hivyo msinicheke. Sawa, chekeni, lakini kwa sauti ya chini. Mzee Nakwang anakula.

Nikachukua chaki, nikapiga mstari mmoja, wa Nakwang, kwenye safu ya kengele.