Uzito wa Santuri Kumi na Nne

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu amepiga simu asubuhi. Anakuja Jumamosi kuchukua santuri za mama yake. Zote kumi na nne! Ati zinakwenda kwa Daktari wa Meno, kwenye kile kikundi chao cha kusikiliza muziki kila Jumapili, kwa sababu kule zitasikilizwa. Nikamwuliza hapa zimekosa nini. Akasema, Baba, hapa zinakula vumbi, na tangu ziingie nyumbani hujawahi kukaa ukasikiliza hata upande mmoja.

Uongo mtupu. Niliwahi kukaa. Nilikuwa nafunga kamba za viatu.

Niandike ukweli, maana shajara hii haisomwi na mtu. Marehemu mke wangu aliacha santuri kumi na nne, kila moja ameiandika namba kwa mkono wake mgongoni mwa jalada, na ndani yake mna muziki uleule. Koncheto tatu za selo, yaani lile fidla kubwa linalobanwa kwa magoti, likijibizana na kundi zima la wapigaji. Zilitungwa karne ya kumi na nane. Majalada yanasema ni za "mtindo wa hisia": furaha inageuka huzuni ghafla, bila hata kupiga hodi. Koncheto tatu tu! Ila kila santuri ina mpigaji mwingine. Nimekuwa mkaguzi wa mizani miaka thelathini na miwili. Mwenye duka angeniletea gunia lilelile mara kumi na nne, ningejua la kumfanya.

Hata hivyo haziondoki. Nimebishana na binti hadi akachoka, akanipa sharti. Nimwonyeshe moja tu, ile mama yake aliyoipenda kuliko zote, na nimwambie kwa nini. Nikipatia, zote zinabaki. Nikikosea, zote zinakwenda.

Rahisi! Miaka thelathini na moja ya ndoa. Nitashindwaje?

Baadaye. Nimezitazama tangu saa nne mpaka saa saba. Sijui.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Kwa akili tu, bila msaada wa mtu. Sindano ya gramafoni inakwangua. Santuri ikipigwa, inapungua. Kwa hiyo iliyopendwa kuliko zote ndiyo nyepesi kuliko zote. Nani mwingine angeliwaza hili? Nikaitoa mizani yangu ya kazi, ile ndogo yenye vioo ambayo ofisi iliniachia nilipostaafu. Nikafunga madirisha upepo usiingie. Nikapima kila moja mara tatu, bila jalada, nimebana pumzi.

Santuri ya tisa: gramu mia moja na kumi na nane. Nyingine zote zimepita mia na thelathini. Aliisikiliza mpaka ikakonda! Nikakaa nayo mapajani kitambo. Ina alama ya kidole chake karibu na tundu la katikati. Au labda ni cha kwangu. Niliiacha hapo, sikuifuta.

Limebaki la "kwa nini". Hilo mizani haisemi. Nikampigia shemeji, mdogo wake Marehemu, nikamzunguka kwa mbali: afya, wajukuu, mvua. Mwishowe nikamwuliza, kama kwa bahati, iwapo dada yake aliwahi kumwambia lolote kuhusu santuri zake. Akasema aliyekuwa akiambiwa ni mimi, kila siku, mezani, na kwamba yeye mwenyewe alikuwepo mara kadhaa akasikia, na mimi nilikuwa nasoma gazeti. Nikamwuliza, sasa alisema nini? Akakata simu.

Watu wa ukoo ule wana roho ngumu.

Jumatano, 6 Machi

Leo zamu ya Daktari wa Meno. Huyu bwana ana mikono laini na sauti ya kubembeleza, na Marehemu alikwenda kwenye kikundi chake kila Jumapili kwa miaka kumi. Mimi sina wivu. Nataja hesabu tu.

Kumwuliza waziwazi haiwezekani, atajua nimekwama. Kwa hiyo nimekwenda kliniki nikijifanya naumwa jino, ili katika mazungumzo nimchote habari. Mpango safi. Ila nilisahau jambo moja: kwa daktari wa meno, mgonjwa haulizi maswali. Nilipofungua mdomo tu akaujaza pamba, kioo na mrija. Nikabaki naguna.

Aliyeongea ni yeye. Akanipa pole ya msiba, mara ya nne sasa. Kuna kitu anaficha. Akasema Marehemu alikuwa wa kwanza kuondoka kila Jumapili, hata muziki ukiwa mtamu namna gani, akisema anawahi nyumbani nisije nikala peke yangu. Nikaguna kwa nguvu, nikimaanisha: santuri ipi? Akadhani naumia. Akaniongezea ganzi.

Kisha akaligonga lile jino nililomwonyesha kwa kubahatisha. Akashtuka. Limeoza mpaka mzizini, akasema, na si la jana wala juzi. Akashangaa nimewezaje kukaa nalo muda wote huo bila kuhisi chochote. Akaling'oa.

Nimerudi na jino mfukoni, shavu limevimba, na habari sina.

Alhamisi, 7 Machi

Hakuna njia ila kuisikiliza. Nikapiga moyo konde. Saa tatu asubuhi, santuri ya tisa, upande wa kwanza, saa ya mkononi mezani. Sehemu ya kwanza ni ya haraka: salama. Watu wengi wanajitahidi kwa pamoja. Nilitikisa hata mguu.

Kisha ikaja ya polepole. Selo inaanza peke yake. Inasema kitu kifupi, inanyamaza. Inakisema tena, chini kidogo. Inanyamaza. Ni kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata. Kitu kikanikaba kooni. Nikamwona amekaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, ananitazama mimi nikivaa kofia nitoke. Hakuwahi kusema baki. Alikuwa ananitazama tu mpaka mlango ufungwe. Niliumia, naandika kama ilivyokuwa. Nilitamani ningeivua ile kofia hata mara moja.

Ikaisha kwa dakika tano na sekunde kumi. Nikainua sindano. Bila shaka ni ganzi ya jana, huwa inateremka kooni.

Nikatoka nje kukaza bawaba za lango. Zilikuwa zimekaza tayari.

Mchana nikapata wazo la kupima dakika za sehemu hiyohiyo kwenye santuri ya nne, kwa kulinganisha. Hii sikuisikiliza. Niliiweka, nikaenda jikoni, nikafunga mlango, nikangoja kwa mbali inyamaze. Dakika saba na nusu! Muziki uleule! Mmoja wa wapigaji hawa anaiba, tena anaiba mchana kweupe.

Lakini la "kwa nini" nimelipata. Ya tisa ni ya haraka. Marehemu hakuwa mtu wa kupoteza muda. Kesho nafanya mazoezi ya maelezo mbele ya kioo. Daktari wa Meno atakaa na kikundi chake wasikilizane wenyewe kwa wenyewe.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya aibu.

Binti amefika saa nne na masanduku mawili ya mbao. Akanikumbatia, akaliona pengo, akaniuliza jino limekwenda wapi. Nikasema hilo si suala la leo. Nilikuwa nimevaa tai. Santuri ya tisa mezani, mizani kando yake, karatasi ya vipimo nimeipigia mistari kwa rula. Nikaeleza yote: uzito, dakika, ukondefu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Akasema ya tisa ni nyepesi kwa sababu kiwanda kilichoitengeneza kilifanya santuri nyembamba, ilizaliwa hivyo. Tena mama yake hakuivumilia kabisa. Aliipiga mara moja, akasema mpigaji huyu anaipita huzuni mbio kama mtu anayekwepa kusalimia.

Nikamwuliza, basi ni ipi?

Akaitoa ya nne. Hata namba hakuitazama. Akasema mpigaji wake alikuwa mzee siku aliporekodi, na kabla ya kila mstari anavuta pumzi kwa sauti, na waliorekodi hawakuiondoa. Wengine kikundini wanaiona dosari. Mama yake alikuwa akiipiga ninaposafiri kukagua mizani ya miji mingine, wiki moja, wiki mbili. Alikuwa akimwambia binti kwamba mzee yule anapumua kama mimi nikiwa usingizini. Akiipiga hiyo, nyumba haiwi tupu.

Machozi yakamtoka binti. Akanitazama, akangoja. Nilijua kabisa kuna kitu anakingoja. Nami nilikuwa nacho, kilijaa kifua kizima, kikapanda, kikafika mpaka kwenye ulimi.

Nikamwambia mimi sikoromi.

Akajifuta macho. Akaanza kupanga santuri kwenye masanduku, moja moja, bila haraka, labda alikuwa bado ananipa nafasi. Nikamsaidia kushika kifuniko.

Mlangoni akasema Jumapili ijayo wataipiga ya nne kikundini, nifike, atanishikia kiti. Nikasema nitaangalia ratiba yangu. Sina ratiba.

Jumatano, 13 Machi

Nimepima nafasi iliyoachwa na santuri rafuni. Sentimita sita. Sikujua kama sentimita sita zinaweza kuifanya sebule nzima kuwa tupu namna hii.

Nimeshika tama tangu asubuhi. Chai imepoa mara mbili. Nimejaribu kulala mchana ili nijisikilize ninavyopumua, nijue alichokuwa akikisikia. Haiwezekani. Ukisikiliza hulali, ukilala husikii. Nimejaribu mara tatu, kisha nikakaa ukingoni mwa kitanda, upande wake, nikalia kama mtoto. Hakuna ganzi leo ya kusingizia.

Nimkumbuke mke wangu kwa jina gani sasa? "Marehemu" ni neno la kwenye fomu.

Naitaka ya nne. Zile kumi na tatu wabaki nazo. Ningeweza kumpigia binti nikamwambia hivyo, maneno manne tu: mwanangu, naiomba ile santuri. Nimeyahesabu. Simu iko hapa mkononi.

Lakini mtu akiomba anakuwa amekiri. Nimeirudisha simu mezani na nimepata mpango.

Jumapili, 17 Machi

Nimetoka kwa Daktari wa Meno sasa hivi. Niandike kabla sijasahau vipimo.

Mpango ni huu. Koti langu refu la mvua, bitana nimeifumua upande wa kushoto ili kushonwe mfuko mpana. Santuri ya nne itatoka kwa Daktari wa Meno imefichwa kifuani mwangu na hakuna atakayejua. Lakini mfuko haushonwi kwa kukisia. Leo ilikuwa ni upelelezi: kupima jalada bila rula, wasinishuku. Shubiri yangu naijua, nimeitumia kazini miaka yote.

Tulikuwa watu kumi na mmoja, sebule yenye zulia la kijani na viti vya kukunja. Wote walisimama nilipoingia. Sikujua niweke wapi uso. Daktari wa Meno alikuja kunisalimia, akaniuliza fizi inaendeleaje, kisha akaninong'oneza kwamba nikitaka kuondoka na santuri ya nne leo, niichukue tu, ni yangu. Nikakataa papo hapo. Anadhani mimi ni mtu wa kuhongwa!

Binti alikuwa amenishikia kiti pembeni yake. Jalada alikuwa nalo yeye, mapajani. Mahali pagumu, lakini si pa kukata tamaa.

Sehemu ya haraka ikapita. Ilipoanza ile ya polepole, wote wakainamisha vichwa. Nafasi ndiyo hiyo. Nikanyoosha mkono taratibu kuelekea kwenye jalada. Binti akadhani nautafuta wa kwake. Akaushika kwa mikono yote miwili, akaubana, akalia kimyakimya, mabega yanatikisika. Hajanishika hivyo tangu alipokuwa mdogo tukivuka barabara. Mikono yake ina joto kama ya mama yake. Niliumia kifuani kwa namna isiyo na jina, nikaona heri pale pale muda usimame. Nikavumilia mistari kama minne.

Kisha nikautoa mkono polepole. Nilikuwa nauhitaji kupimia.

Baada ya muziki Daktari wa Meno akaniuliza kama nimeisikia ile pumzi. Nikasema nimeisikia vizuri sana. Kusema kweli nilikuwa nahesabu vidole. Binti hakunisindikiza mlangoni; alikuwa anakunja viti, mgongo ameugeuza huku.

Si kitu. Vipimo ninavyo. Shubiri moja na vidole vinne. Jalada litaingia.