Barua za Meneja Zapitia Kwangu

Jumatatu, 3 Machi
Dada Fundi, anayenifundisha kazi ya kompyuta, hagusi kipanya. Hana haja nacho. Anafungua dirisha jeusi kwenye kompyuta, anaandika mstari mmoja wa amri, na barua pepe za mtu zinabadili njia. Mtunza bohari wa zamani ameacha kazi. Kuanzia leo barua zake zinaingia kwa mpya. Mstari mmoja! Tena huku akipiga miayo. Wa pili akaniachia mimi. Mikono ilitetemeka, lakini ulikubali. Nimetembea hadi nyumbani bila kuona njia.

Jumanne, 4 Machi
Majaribio yangu hapa kwenye kiwanda cha uchapaji yanaisha Ijumaa. Meneja amemwambia Dada Fundi amwandikie barua pepe: nibaki au niondoke. Mama kila nikivua viatu ananiuliza huyo dada anasemaje juu yangu. Nitajuaje? Kumuuliza siwezi. Jana nilishindwa hata kumwambia amekalia kalamu yangu.

Mpango: barua za meneja zipitie kwangu kwanza. Neno la siri la mtambo wa barua pepe ninalo, kanipa Dada Fundi mwenyewe. Nimeandika mstari saa saba mchana, wengine wakila. Umekubali mara moja. Najivunia, Mungu anisamehe.

Jumatano, 5 Machi
Imefika! Dada Fundi anasema siongei, lakini nasoma kila alama kabla ya kubonyeza. Amefundisha wengi, hajapata kama mimi. Nisiachwe niondoke. Nimeisoma mara kumi na moja, tatu kati ya hizo chooni.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Meneja amegomba korido nzima. Tangu juzi hajapata barua hata moja, na ya Dada Fundi bado anaisubiri. Isipofika kesho asubuhi, atajua jibu ni hapana.

Nikakimbilia kisanduku changu. Barua sitini na nne, zote za meneja! Hazikuwa zikipitia kwangu. Zilikuwa zikiishia kwangu. Nilisahau kuandika kile kipande cha amri cha kumbakizia nakala. Nikimtumia ile barua, itaonyesha imetoka kwangu. Nisipoituma, nimejifukuza kazi kwa kidole changu mwenyewe.

Nikaenda kwa Dada Fundi. Nikafungua dirisha jeusi, nikamwonyesha mstari wangu. Aliusoma alama kwa alama.

"Hukubakiza nakala, mdogo wangu."

"Sikubakiza, dada."

"Na barua hazikuwa zako."

"Hazikuwa zangu, dada."

Akaandika mistari miwili. Wa kwanza ulifuta wangu, wa pili ukamrudishia meneja barua zake zote, isipokuwa ile moja. Vidole vile! Niliona aibu kumshangaa hivyo wakati nagombezwa. Ile moja akaiandika upya, kioo cha kompyuta amekigeuzia ukutani. Neno la siri hakulibadili. Akasema ananiamini.

Ijumaa, 7 Machi
Nimebakizwa! Miezi mitatu. Mama ameshaniita fundi mbele ya jirani. Meneja alinipa mkono, akatabasamu kwa namna nisiyoielewa, akasema barua ya Dada Fundi ilikuwa na mambo. Mambo gani? Nimuulize nani? Na kila mwisho wa mwezi Dada Fundi atamwandikia nyingine kuhusu mimi!

Dada Fundi ni mtu wa ajabu. Natamani nije kuwa kama yeye. Saa saba mchana, alipokwenda kula, nilifungua dirisha jeusi nikaandika mstari wangu polepole, bila kutetemeka hata kidogo. Safari hii meneja nimembakizia nakala.