Kuku Wasiosoma Namba

Jumatatu, 3 Juni

Mama Watoto,

Dada yako alikuja jana. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja bandani, akainama, akachungulia, akatoka na unyoya kichwani. Akaniuliza, shemeji, kuku hawa unawafuga au unawafunga? Nikamwambia wamepumzika. Akasema hata marehemu hajapumzika kiasi hicho. Kisha akajuta, akafuta machozi kwa mkono uleule alioshikia mlango wa banda. Nikamletea maji na sabuni.

Hukumu yake ni hii. Kuku hawajataga tangu tukuzike. Akija Jumapili asikute yai hata moja kiotani, anawachukua wote. Kwake wana pa kutagia na mtu wa kuwaelewa. Kwangu, alisema, hakuna kimoja wala kingine.

Pa kutagia hakuna kweli. Zile ndoo za rangi ulizokuwa ukizilaza ubavu na kuzijaza nyasi kavu, waombolezaji walizichukua kuchotea maji siku ya mazishi. Watu waliondoka nazo wakilia. Hazijarudi.

Lakini siwezi kuwatoa. Watoto wako mbali na simu zao ni fupi. Asubuhi kuku wakianza kulalamika uani, kwa kitambo kidogo nadhani uko nje unawagombeza. Wakiondoka hawa, nyumba hii haitakuwa na sauti yoyote ila yangu, nami sina la kusema.

Nina mpango. Nina wiki nzima.

Jumanne, 4 Juni

Nimepasua kabati la sebuleni. Usinune. Lilikuwa linayumba.

Nimejenga masanduku ya kutagia. Kazi yangu yote maishani ilikuwa kupanga barua posta, basi nimeyajenga nijuavyo: vijumba kwa safu, kila kimoja na namba yake kwa rangi nyeupe. Kilemba amepewa namba moja kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Yule mweupe uliyemwita Bi Harusi, namba mbili. Wengine wamefuata kwa umri. Haki imetendeka.

Jaribio la kwanza: Bi Harusi. Aliingia. Kugeuka hakuweza, na kutoka pia hakuweza. Kichwa ndani, mkia nje, kama gazeti lililosukumwa kwenye tundu la barua. Nikamvuta kinyumenyume. Tangu hapo hanitazami. Mchana wote nimeng'oa misumari na kupanua.

Jirani yetu Fundi Redio aliegemea ua akauliza kuku wangu wanatarajia barua kutoka wapi. Nikamjibu kwamba mtu mwenye uwanja uliojaa televisheni zilizokufa asicheke ya wenzake. Unayakumbuka yale maganda yake, zile televisheni za zamani zenye mgongo? Ameyatoa matumbo, ameyapanga mpaka uani. Aibu ya mtaa. Akasema maganda yake hayamsumbui kwa chakula. Nikaingia ndani.

Jumatano, 5 Juni

Matandiko. Nilikwenda kwa seremala na gunia. Alinieleza jambo refu, nikaitikia kwa kichwa. Siku hizi watu wakiniambia jambo naitikia tu. Nasikia sauti, maneno hayafiki. Nikajaza gunia mwenyewe pale chini ya msumeno.

Kumbe nilichota vumbi. Kuku waliliingia, wakalioga, wakapiga chafya. Mimi nikapiga chafya. Uwanja wote ukawa kama kinu cha unga, na nguo za Fundi Redio zilikuwa kwenye kamba. Alinirushia maneno ambayo siyaandiki.

Nikarudi. Seremala akasema, mzee wangu, si nilikwambia chukua maranda, yale yaliyojikunja, vumbi litawaziba pua? Nikasema nilisikia. Akaniangalia kwa huruma, na huruma yake iliniumiza kuliko matusi ya Fundi. Akanijazia maranda yeye mwenyewe.

Maranda ni mazuri. Yana harufu ya kitanda chetu kilipokuwa kipya. Nimeyatandika kwa unene wa kiganja, nikayasawazisha, nikakaa nayo kidogo.

Masanduku nimeyapigilia juu kabisa, juu ya fito wanazolalia. Kitu cha heshima hakikai chini.

Alhamisi, 6 Juni

Kuku hulala mahali palipo juu kuliko pote. Hilo sikulijua. Wamelala ndani ya masanduku usiku kucha, wote, wakafanya humo yote yanayofanywa usiku kucha. Kila mmoja katika namba isiyo yake.

Nimetoa, nimekwangua, nimetandika upya, nimeshusha karibu na ardhi. Nimekumbuka ulisema kuku akitaga hutaka faragha, kwa hiyo nimekata pazia la jikoni, lile la maua, nikamshonea kila mmoja kipazia chake. Wamekula nyuzi.

Nikachonga viazi vyenye umbo la yai, niwaonyeshe kinachotakiwa. Kilemba alikitazama chake kwa makini sana. Nikaacha kuchonga. Kisha akakila.

Wahenga walisema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Nadhani wahenga hawakuwahi kupewa makataa ya Jumapili. Nilipiga magoti, nikaingiza kichwa na mabega katika namba tatu, nikatulia humo ili waone kwamba hapana hatari. Hapana, kweli. Kuna giza na joto na harufu ya mbao, na mtu anaweza kulia bila kuulizwa.

Nilipotoka, Fundi Redio alikuwa uani kwake na kikombe cha chai. Akauliza kama mimi nitataga kabla ya Jumapili au baada.

Ijumaa, 7 Juni

Hakuna.

Wanatoka asubuhi kupitia ule upenyo wa ua, wanarudi adhuhuri wakitangaza kwa sauti kubwa, vifua mbele, kama watu waliomaliza kazi. Kazi gani? Wadudu, nadhani. Nimewaonea wivu.

Kutoka kwa Fundi Redio inakuja harufu ya mayai ya kukaanga. Jana pia. Juzi pia. Mtu ambaye chakula chake kilikuwa mkate mkavu na lawama sasa amenawiri mashavu. Nilimuuliza ua kwa ua ameanza lini kula vizuri. Akasema Mungu hamtupi mja wake. Nikasema kweli, ingawa kwa upande wangu naona anakawia.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekata tamaa, na kukata tamaa kumenipa akili. Dada yako alisema akute yai kiotani. Hakusema yai litoke wapi.

Nimekwenda kwa Fundi Redio kununua. Ana bakuli zima. Alijifanya kusitasita, akaniuliza nataka ya nini na mimi ni mfugaji. Nikasema ni ya dawa ya kifua. Akanichagulia mazuri, mengine yakiwa na joto bado. Nikamsifu: huyo anayekuuzia ni mtu mwaminifu. Akakohoa sana.

Nimeyagawa kwenye vijumba, moja moja, kwa namba. Mikono ilikumbuka kazi yake. Juu ya maranda yale meupe yalikaa vizuri mno. Nikapaka uchafu kidogo hapa na pale, nikabandika unyoya. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini.

Jumapili, 9 Juni

Dada yako alifika. Nikamfungulia banda, nikasimama kando kama mkuu wa posta.

Alitazama masanduku kwa muda mrefu. Akatoa yai la namba moja, akalizungusha. Akapitisha kidole kwenye lile tuta dogo linalolizunguka katikati kama mkanda. Uso wake ukalainika. Akasema, hili ni la Kilemba. Marehemu dada alikuwa akinionyesha, mayai ya Kilemba yote yana mkanda. Shemeji, nisamehe, nilikudharau.

Hapo, Mama Watoto, ningeitikia kwa kichwa. Wiki nzima nimeitikia kila kitu. Lakini nilishangaa mno, maneno yakanitoka: haiwezekani, hilo nimelinunua kwa Fundi Redio.

Dada yako akalirudisha yai mahali pake, akautazama ule upenyo wa ua.

Akaenda kwenye ua na lile bati la pumba, akaligonga kwa kijiko na kuita. Aliita kama wewe. Ule mvuto wa mwisho kabisa, ile sauti inayopanda kama swali. Mama yenu ndiye aliyewafundisha, sivyo? Sikuwahi kujua kwamba yeye pia anayo.

Kichwa cha Kilemba kikachomoza mahali palipotolewa kioo cha televisheni. Bi Harusi katika nyingine. Wote wakatoka, kila mmoja katika ganda lake, giza zuri ndani, mlango mmoja, waya laini chini. Wakaja mbio kama walivyokuwa wakija kwako. Kwangu hawajawahi hata kutembea.

Dada yako akamwuliza Fundi: umekuwa ukimuuzia shemeji yangu mayai ya kuku wake mwenyewe? Fundi akasema, dada, nilikuwa nimwambie, lakini aliyasifu sana.

Nilijifungia jikoni nikajifanya natafuta kamba. Niliisikia ile sauti ikiendelea kuwaita, nikasimama nimeshika sinia mpaka iliponyamaza.

Dada yako akaja mlangoni. Akasema si kwa ajili ya mayai tena. Angeweza kuniachia. Ila tangu uondoke hana kitu hai kilichowahi kukusikia. Watu wanamwambia pole, lakini hakuna anayegeuka akiita kwa sauti yako.

Wamegeuka kwake, nimeona kwa macho yangu. Nikampa kamba. Nikamshikia kuku mmoja mmoja alipowafunga miguu. Bi Harusi alinitazama, mara ya kwanza tangu Jumanne. Dada yako akasema nije niwaone nikitaka. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumatatu, 10 Juni

Uwanja ni kimya. Nimeamka mapema kusikiliza, hakuna.

Nimefikiri kwa utulivu na nimeona kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa kuku. Masanduku hayana ila: safi, yana namba, maranda bado meupe. Kinachohitajika ni mfugo mwingine.

Nyuki.

Leo nilipofuata maranda mengine, seremala alinieleza kwa kirefu habari za kundi la nyuki lililotua nyuma ya karakana yake. Nimeitikia kwa kichwa. Nitakwenda kulichukua kesho kwa gunia. Nyuki hawahitaji fito, hawali mapazia, na wakihamia kwenye televisheni za Fundi Redio, hebu atie mkono tuone. Nimeongeza maranda wapate mahali laini. Namba nitaandika nyingine, ndogo zaidi.

Masanduku nimeyaweka chini ya dirisha la chumba chetu. Nimeambiwa nyuki huvuma mchana kutwa, hawanyamazi. Hilo ndilo ninalolitaka.

Kesho ukisikia kelele huku, ni mimi.

Unikumbuke.