Yai la Wenye Mnara

Jumatatu, 6 Oktoba
Firoz, tajiri wangu, ametangaza! Jumamosi anapeleka wageni wakazamie Mnara, ule mwamba mrefu uliosimama chini ya bahari huko nje ya Mbezi Beach. Anataka kiongozi mmoja wa kuzama nao. Ama mimi, ama mwenzangu wa kazini, Erasmus. Kiongozi anapewa fulana yenye jina mgongoni.

Mimi hadi leo naosha nguo za mpira za wazamiaji na kuzianika. Ila kwa akina Najma, Buguruni, nilishasema kitambo kwamba kiongozi ni mimi. Sasa baba yake mdogo, Mzee Talha, anakuja Jumamosi hiyohiyo kuniona kazini. Akiridhika, posa inapokelewa. Asiporidhika, basi.

Erasmus ni mtu wa Bukoba, mtu wa ziwa. Bahari ya chumvi ataijulia wapi? Mimi nimezaliwa Kunduchi, babu mvuvi, baba mvuvi. Kuna kijambo kimoja tu. Sijui kuogelea. Hakuna aliyewahi kuniuliza! Mtu wa Kunduchi haulizwi.

Jumanne, 7 Oktoba
Kesho majaribio, kwenye bwawa la hoteli.

Nikaenda kwa Rubabbai, mama yake Firoz, anayekaa mlangoni mwa duka letu la vifaa vya kuzamia na tasbihi yake. Nikampa shikamoo. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba Mnara una wenyewe, babu alinisimulia, na hawataki kusumbuliwa wiki hii. (Babu hakunisimulia kitu. Babu alikuwa akizungumza habari za mpira tu.) Hesabu yangu safi kabisa: boti haitoki, mimi naomba fulana nisimame ufukweni kuwatuliza wageni, Mzee Talha ananikuta nimeivaa. Nani atailaumu bahari?

Rubabbai akaacha kuvuta tasbihi.

Jumatano, 8 Oktoba
Majaribio yamefutwa, Rubabbai kayazuia! Mambo yanakwenda.

Erasmus alinifuata kwenye kamba ya kuanikia akaninong'oneza kwamba hata kwao ziwani kuna mawe yenye wenyewe, huendi mikono mitupu. Nikamwambia wa huku ni wakali zaidi. Nilipotamka hivyo mwili ukanisisimka. Sielewi kwa nini.

Mchana mama kapiga simu. Amesikia kwenye mnada wa samaki kwamba wenye Mnara wamemtokea mtu. Nikashtuka, nikamuuliza nani. Akasema watu wanasema ni mimi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimechanganyikiwa. Rubabbai ameamua safari iko palepale. Ila kwa watu huingii bila hodi, kwa hiyo kabla ya wageni ashuke mtu mmoja na yai bichi, alipasue juu ya Mnara, aombe njia. Nani huyo? Mjukuu wa babu! Firoz anasema yeye haamini hata chembe, lakini mama ni mama.

Nikasema wenyewe hawali mayai. Rubabbai akauliza wanakula nini. Nikasema kuku. Akaagiza mtu aende akanunue kuku. Nikasema basi, yai linatosha.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mpango mpya. Ukutani kumebandikwa tangazo kwamba mwenye mafua haruhusiwi kuzama. Nikanusa pilipili manga, nikapiga chafya hadi macho yakavimba. Rubabbai akaniletea tangawizi ya moto na kunisimamia mpaka nikamaliza kikombe. Sijawahi kuwa na pua iliyozibuka hivi tangu nizaliwe.

Baada ya swala nilikaa nikifikiri. Hivi babu kweli hakuwahi kutaja Mnara? Kuna siku alisema kitu. Au alikuwa anamzungumzia golikipa?

Jumamosi, 11 Oktoba
Niko hai.

Mzee Talha hakubaki ufukweni. Alipanda boti! Kanzu, na jaketi la kuokolea juu yake. Ikabidi nimwambie Erasmus sikioni kwamba sijui kuogelea. Alinitazama sana. Akasema kuzama hakuna shida, mkanda wa vyuma utanizamisha wenyewe, kuibuka atanisaidia yeye.

Mapovu, mengi yakiwa yangu. Erasmus alinishika mtungi wa hewa kwa nyuma kama paka anavyobeba mwanawe. Halafu nikauona Mnara. Mkubwa! Umejaa matumbawe na samaki wa kila rangi, na nikasahau kabisa kuogopa. Nikapasua yai. Wallahi halikumwagika! Kiini kilisimama majini, duara, kikinitazama. Samaki wote wa Mnara wakanijia usoni. Nikajua ndio wenyewe. Nikawaamkia shikamoo, kile cha kupumulia kikanitoka mdomoni. Erasmus akakirudisha, akanipandisha taratibu.

Nilifika juu nikilia. Firoz akamvisha Erasmus fulana hapohapo. Mzee Talha akauliza basi huyu kazi yake nini. Erasmus, kwa nia njema, akajibu kwamba mimi ndiye ninayezungumza na wenye bahari. Mzee Talha akasogea mbali nami. Akasema hawaozi binti kwa mtu mwenye majini. Nikaapa ni uongo, niliutunga mwenyewe. Akasema hawaozi kwa waongo pia, nichague mimi ni yupi, nije Buguruni kesho kutwa na jibu.

Jumapili, 12 Oktoba
Najma kapiga simu. Amecheka, kisha akalia kidogo, nami nikalia. Anasema tangu mwanzo alijua naosha nguo za mpira, mikono yangu inanuka sabuni, na yeye haoni aibu. Nimwambie tu baba mdogo ukweli, atanipigania.

Nimeona aibu. Nampenda sana huyu binti. Nimemwahidi: kesho ukweli mtupu.

Nitamweleza Mzee Talha kwamba wenye Mnara wamenihama, wameondoka na ile fulana, sasa wako kwa Erasmus. Akibisha, nitamwambia babu alishasema itatokea.