Kumpima Mpima Ardhi

Jumatatu, 3 Machi

Dada yangu, muuguzi, amerudi kutoka semina na karatasi ya maswali thelathini. Inasema wapendanao ni wa aina tatu. Kupe: hung'ang'ania. Paka: ukimkaribia, huyoo! Jabali: ametulia, hana wasiwasi. Nimevutiwa mno. Mimi ni Jabali, hilo halina mjadala. Lakini mpenzi wangu? Miezi mitano tuko pamoja, mimi natengeneza meno ya bandia, yeye anapima ardhi, na sijui kama nikitoweka atanitafuta. Dada anasema nimuulize. Nimuulize! Jabali haulizi. Jabali huchunguza. Kuanzia kesho, siku mbili bila kumtumia ujumbe. Tutaona.

Jumanne, 4 Machi

Ukimya umeanza saa mbili asubuhi. Kufika saa nne nimeitazama simu mara thelathini na moja. (Nilihesabu, kwa ajili ya utafiti.) Nimechonga jino la mbele kinyumenyume. Mwenzangu wa karakana, tunayemwita Ufizi kwa sababu akicheka ndio unaotangulia kuonekana, ameuliza kama mteja atakuwa anatafuna kuelekea nje. Anajiona mchekeshaji.

Saa saba, ujumbe: "Mzima?" Neno moja! Ni la mapenzi au la mahudhurio? Nimempigia dada. Amesema huyo anataka tu kujua kama mimi ni mzima, kisha akakata simu. Saa saba na dakika moja nimejibu. Jumbe kumi na moja. Utafiti umevurugwa na mazingira.

Jumatano, 5 Machi

Mbinu mpya: wivu. Nimemwambia, kama mzaha tu, kwamba kuna mteja wa kike anayeisifu sana mikono yangu. Nikasubiri. Akasema anajua. Anajua! Mteja mwenyewe ni bibi yake mzaa mama, aliyekuja wiki iliyopita kujaribishwa meno ya juu. Kumbe alitumwa kunikagua! Bibi ameripoti kwamba mikono ni mizuri, ila kijana anaitazama simu kama anasubiri matokeo ya mtihani.

Kwa hiyo na mimi nachunguzwa. Sijui niudhike au nifurahi. Nimefurahi. Meno ya bibi nimeyang'arisha mara tatu.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Amekuja karakanani saa ya chakula, buti zimejaa udongo. Amepata kazi ya kupima barabara mpya, mbali, miezi minane. Akikubali ataondoka Jumapili. Akaniuliza naonaje. Aliuliza mara mbili. Moyo ulinidondoka hadi kwenye ndoo ya plasta. Lakini nikajikumbusha: Jabali! Nikasema, "Sawa tu. Kazi njema."

Akafunika chakula chake ambacho hakukigusa, akamuaga Ufizi, mimi hakuniaga.

Ufizi akaweka patasi chini. Hakucheka. Amesema miaka sita anafanya kazi na vinywa, hajaona kinachotumika vibaya kama changu.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi dada amenisomea maswali yale thelathini, akajaza majibu yangu mimi. Kupe: ishirini na nane. Karatasi imechapishwa vibaya.

Hata hivyo nimeomba ruhusa nikamfuata kazini. Alikuwa kwenye kiwanja cha shule inayojengwa, jicho kwenye darubini yake ya kupimia, na mimi nikaingia moja kwa moja mbele ya lenzi. Akapaza sauti nisimame hapohapo na nishike ile fimbo ya vipimo. Nikashika. Mita arobaini kati yetu, waashi wote masikio wazi.

"Sitaki uende!" nikapiga kelele. "Yaani, nenda! Ila mimi sitakuwa sawa!"

"Nyoosha fimbo!"

Nikanyoosha. Akaandika namba ya kipimo chake kwanza, ndipo akaja. Macho yalikuwa mekundu. Akasema jana alikaa kituoni mpaka mabasi matatu yakampita, akiwaza kwamba labda miezi yote mitano alikuwa peke yake. Sikuwahi kufikiria hilo hata siku moja: kwamba na yeye hajui! Nikamwomba radhi. Akasema ataenda, kazi anaitaka, na mimi nitakuwa namfuata kila baada ya wiki mbili. Na siku nikitaka kujua kitu, niulize kwa mdomo. Nimeapa. Waashi wakapiga makofi.

Jumapili, 9 Machi

Ameondoka na basi la saa tatu asubuhi. Alinikumbatia mpaka kondakta akakohoa. Akasema ananipenda, waziwazi, katikati ya mizigo ya watu. Nimeridhika. Sina swali tena.

Saa nne na nusu. Nina swali moja dogo. Alisema vile kwa sababu ananipenda, au kwa sababu basi lilikuwa linaondoka? Kumpigia na kumuuliza ni kumsumbua, yuko safarini. Nimepata njia iliyo bora. Nitamwandikia barua kutoka kwa mtu asiyejulikana, anayempenda kwa siri huko aendako. Ufizi amekubali kuiandika kwa mwandiko wake. Akimkataa huyo mtu, basi ananipenda. Akimkubali, huyo mtu ni mimi.

Sioni pa kushindwa.